Rangi za Ndani ya Gari Ziangaliwe

Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba huingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Zifikapo hapa hupokewa na jua kali, vumbi na hewa ya chumvi, na haupiti muda ila milango yake kwa ndani, dashibodi na mbavu zake hupauka na kubabuka. Hapo ndipo mwenye gari humwendea fundi rangi. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini anayeilipia hasa ni abiria, kwa nguo zake na, lililo baya zaidi, kwa afya yake.

Gari la abiria hutoka karakana liking'ara, na mwezi haujesha rangi yabanduka kwenye kitasa na ukingo wa dirisha. Mara nyingi sababu haifichiki: fundi amepewa rangi ya mafuta iliyotengenezwa kwa milango ya nyumba, akaipaka juu ya plastiki. Mbao hunywa rangi, plastiki hainywi. Plastiki ya gari, hasa ile ya polipropilini, haishiki rangi mpaka ioshwe ikatoka mafuta yote, ikwaruzwe kwa msasa laini, ipakwe dawa maalumu ya kushikisha, ndipo rangi ifuate kwa mipako myembamba. Wanaopenda kuing'arisha dashibodi kwa mafuta ya silikoni nao wajue kuwa masalia yake huifanya rangi mpya itoke vijishimo. Ngozi ya bandia ya viti hujikunja kila abiria akaapo, basi yataka rangi inayonyumbulika.

Elimu hii si ngeni kwetu. Waunda majahazi walizipaka sifa mbao zilizo juu ya maji, na za chini ya maji wakazipaka shahamu ya chokaa na mafuta. Hawakuchanganya.

Dashibodi isipakwe rangi nyeupe wala ya kung'ara, kwani mwanga wake hurudi kwenye kioo cha mbele ukamzuia dereva kuona njia.

Lililo zito zaidi ni madini ya risasi. Kuna rangi, hasa za manjano, nyekundu na za chungwa, ambazo hutiwa risasi ili zisipauke upesi, na hapa ndipo neno "imara" linapoweza kututega. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kipimo kinachopendekezwa ni kutozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni ya rangi. Mtoto aliyepakatwa na mamaye hushika ukingo uliobabuka, kisha akatia vidole kinywani. Naye fundi apigaye msasa rangi kuukuu bila ya maji huvuta vumbi lile kifuani. Zile rangi za kuchanganywa na dawa ya kukaushia yenye isosayaneti ni imara sana, lakini mvuke wake waweza kumtia fundi pumu, na kitambaa cha kufunga puani hakimkingi.

Kwa hiyo tunaiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2011, iingie madukani na kuzipima rangi zinazouzwa kwa mafundi. Kopo lisiloeleza kilichomo lisiuzwe. Wizara na mashirika ya umma, yanapopeleka gari zao kutengenezwa, yaandike katika mkataba ni rangi ya aina gani, ipakwe juu ya kitu gani na baada ya matayarisho yapi. Maneno "kupaka rangi ndani" hayatoshi, na fedha inayolipwa ni ya wananchi.

Wenye gari wanaweza kuanza leo. Kabla ya kulipa, rangi ikiwa imekauka barabara, mwambie fundi achanje kwa wembe vimiraba vidogo mahali pasipoonekana, abandike utepe wa gundi, kisha auvute kwa ghafula. Vimiraba vikitoka na utepe, gari lirudi karakana.