Homa inapoitwa malaria, taifodi au UTI: Tiba ya kubahatisha inavyotugharimu

Na Mwandishi Wetu

MTU mzima anayeamka na homa, maumivu ya viungo na kichwa kizito, kisha akaenda kupima katika zahanati ya jirani, ana uwezekano mkubwa wa kurudi nyumbani na moja ya majibu matatu: malaria, homa ya matumbo, au maambukizi ya njia ya mkojo ambayo siku hizi kila mtu huyaita UTI. Wapo wanaorudi na yote matatu kwa mpigo, pamoja na mfuko wa dawa za kumeza na ratiba ya kuchomwa sindano asubuhi na jioni.

Majibu hayo yamekuwa sehemu ya mazungumzo yetu ya kila siku. Mfanyakazi hueleza mkuu wake kwamba "amekutwa na malaria mbili", na jirani hujibu kwamba yeye alikuwa na "taifodi moja kwa mia na sitini". Ni nadra kumsikia mtu akisema alipimwa, akaambiwa ana mafua ya virusi, na akashauriwa apumzike, anywe maji na arudi baada ya siku mbili iwapo homa haijashuka. Hata hivyo, kwa ushahidi uliokusanywa hapa hapa Tanzania kwa zaidi ya miaka 20, jibu hilo la mwisho ndilo ambalo wagonjwa wengi wa homa walistahili kupewa.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa upya kwa hadubini na wataalamu wenye uzoefu, ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea vya malaria. Jambo zito zaidi lilihusu vifo. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea, waliofariki walikuwa karibu asilimia 7. Miongoni mwa wasiokuwa navyo walikuwa asilimia 12. Kwa maneno mengine, waliopewa jina la ugonjwa ambao hawakuwa nao ndio waliokufa zaidi, na baadhi yao hawakupewa dawa za kuua bakteria ilhali dalili za kuzihitaji zilikuwa wazi.

Utafiti mwingine ulifanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 ukihusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa zaidi ya asilimia 60 kati yao. Vipimo vya kina vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa watu 14 tu, yaani asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, yakiwamo magonjwa yatokayo kwa wanyama kama brusela, leptospira na homa ya Q. Si magonjwa ya ajabu katika mkoa ambao mifugo na watu huishi boma moja, lakini ni nani huyaandika kwenye cheti?

Inafaa kuwatendea haki matabibu wa wakati ule. Walifunzwa kwamba mtoto mwenye homa katika nchi yenye malaria atibiwe malaria, kwa sababu kumkosa mgonjwa mmoja wa malaria kulihesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko kuwapa dawa kumi wasioihitaji. Klorokwini ilikuwa rahisi na ikipatikana kila duka. Hesabu ilibadilika pale dawa hiyo iliposhindwa na kuondolewa mwaka 2001, kisha SP iliyochukua nafasi yake nayo ikaachwa mwaka 2006 na kupisha dawa mseto ya ALu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Vipimo vya haraka, vile vya kuchoma kidole na kusubiri dakika 15 au 20, vikafika hadi katika zahanati za vijijini.

Vipimo hivyo viliokoa dawa nyingi za malaria. Lakini vilimwacha tabibu na swali ambalo hakuwa amefunzwa kulijibu: kama si malaria, ni nini?

Jibu lililopatikana kwa haraka lilikuwa antibayotiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya nusu milioni kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba waliokutwa hawana malaria walipewa antibayotiki kwa asilimia 69, ikilinganishwa na asilimia 40 ya waliokutwa nayo. Tulitoka kwenye kosa moja tukaingia katika jingine. Zamani aliyehitaji dawa ya bakteria hakuipata. Sasa anapewa hata asiyeihitaji.

Na wasioihitaji ni wengi. Watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 waliwapima watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki, kwa kutumia vipimo ambavyo zahanati zetu hazina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Asilimia 62 ya watoto hao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao ni asilimia 5 tu ambao picha ya eksirei ilithibitisha nimonia. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa karibu asilimia 6, na homa ya matumbo chini ya asilimia 4. Kwa jumla, watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hakuna antibayotiki inayoutibu.

Hapo ndipo mtu anapojiuliza hiyo taifodi ya kila wiki inatoka wapi. Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896 na bado kinatumika katika maabara zetu nyingi. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi yake, na kinga hiyo hubaki miezi mingi baada ya ugonjwa kupona, huku bakteria wengine wa jamii hiyo nao wakiweza kuiamsha. Ili kitumike ipasavyo, damu hutakiwa kupimwa mara mbili, kwa tofauti ya siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda walau mara nne. Ni nani aliyewahi kuitwa arudi baada ya siku 14? Mgonjwa hutolewa damu mara moja, huandikiwa namba, na safari ya sindano huanza. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi inayochukua siku kadhaa na inayopatikana katika hospitali kubwa tu, na hata hiyo huwakosa wagonjwa wengine.

UTI nayo imekuwa kichaka cha kujificha. Kijiti cha mkojo kikibadilika rangi kidogo, mtu asiye na maumivu wakati wa kukojoa, asiyekwenda haja ndogo mara kwa mara na asiye na maumivu ya kiunoni huandikiwa dawa. Wakati huo huo mtoto mchanga mwenye homa isiyoeleweka, ambaye hawezi kusema anaungua akikojoa na ambaye ndiye hasa wa kupimwa mkojo, hupitwa kwa kuwa kumkinga mkojo ni usumbufu.

Ni rahisi kuwatupia lawama watoa huduma. Lakini mgonjwa aliyepanda bodaboda, akalipia kumwona daktari na kulipia maabara, hataki kusikia kwamba hana kitu. Akiambiwa hivyo huenda duka la dawa muhimu lililo mbele na kupewa alichokitaka. Kituo binafsi nacho huishi kwa vipimo na dawa kinazouza, na kufikiri kwa makini hakuna bei kwenye orodha. Aidha, tabibu mwenye wagonjwa 60 kwenye benchi hana dakika 15 za kumsikiliza mmoja. Kuandika amoksilini huchukua nusu dakika.

Gharama ya mazoea hayo si ya mfukoni tu. Watafiti wa kimataifa walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mkubwa kwa uwiano wa watu wake. Seftriaksoni, sindano inayochomwa kwa kila "taifodi", ni dawa ambayo WHO imeiweka katika kundi la kuchungwa, kwani ndiyo inayotegemewa mtoto anapoletwa na uti wa mgongo au sumu katika damu. Kwenye malaria hali si salama pia: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwapo kwa vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini mkoani Kagera, hususan Karagwe.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo. Homa zote zikipewa majina matatu, jina la nne likiingia nchini halionekani. Dengue ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, dalili zake za mwanzo zilifanana na za malaria. Julai 2022 huko Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, ikagundulika kuwa ni leptospira, ambayo Wizara ya Afya iliitambulisha kwa jina la homa ya Mgunda. Machi 2023 ikatangazwa Marburg wilayani Bukoba, na Januari 2025 ugonjwa huo ukarudi Kagera, safari hii Biharamulo. Milipuko ya namna hiyo huweza kuanzia kwa mgonjwa mwenye homa aliyekaa mbele ya mhudumu wa ngazi ya chini.

Je, kuna namna nyingine? Ipo, na imejaribiwa hapa nchini. Katika zahanati na vituo vya afya 40 mikoa ya Morogoro na Mbeya, watafiti waligawa nusu ya vituo na kuvipatia programu ya kompyuta ya mkononi inayomwongoza mhudumu swali kwa swali: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika, ana oksijeni kiasi gani, je, anahitaji kipimo cha damu cha kuonyesha kama mwili unapambana na maambukizi makali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, yakihusu mahudhurio zaidi ya 44,000 ya watoto, yalionyesha kuwa katika vituo vyenye programu antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 23 ya watoto, na katika vituo vya kawaida kwa asilimia 70. Watoto walionyimwa dawa hizo hawakudhurika zaidi ya wenzao.

Sehemu kubwa ya kinachofanywa na programu hiyo haihitaji hata umeme. Mwongozo wa WHO wa kuhudumia watoto umekuwa ukisema kwa miaka mingi kwamba mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea apelekwe hospitali bila kuchelewa. Dakika moja ya kuhesabu pumzi ni nafuu kuliko Widal, lakini hailipiwi.

Tahadhari inahitajika pia kwa kipimo cha malaria kinapoonyesha kuwa ipo. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, vimelea vilikutwa kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, lakini Tabora ilikuwa asilimia 23 wakati Kilimanjaro, Arusha na Manyara zilikuwa chini ya moja. Mtoto wa Tabora anaweza kuwa na vimelea bila kuugua, na kinachomuua kikawa nimonia. Hali kadhalika, kipimo cha haraka hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Anayepimwa tena kwa kipimo hicho wiki mbili baada ya kumaliza dozi hutangaziwa "malaria sugu" ambayo pengine haipo. Huyo alipaswa kuangaliwa kwa hadubini.

Na kwa watu wazima wanaozunguka na hiyo malaria isiyoisha, kuna jambo moja la kando. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa takriban robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi hawakuwa wanajua. Mtu hupimwa taifodi mara nne kwa mwaka, na mkono wake haujawahi kuvishwa mashine ya presha.

Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na hapa ndipo penye uamuzi wa kweli. Mfuko ukilipa kwa kila kipimo na kila dawa, utakuwa umetia petroli kwenye moto, na fedha za wachangiaji zitaishia kwenye Widal na seftriaksoni. Ukilipa kwa mgonjwa aliyehudumiwa, akasikilizwa na kuambiwa siku ya kurudi, hesabu ya kituo itabadilika. Kwa maoni ya safu hii, Wizara ingeanza na jambo moja dogo lisilohitaji mkopo wala mfadhili: kuiondoa Widal ya kupimwa mara moja katika orodha ya vipimo vinavyolipiwa na bima, na fedha hiyo kuihamishia kwenye kifaa cha kupimia oksijeni kwa kila zahanati.