Crash mpya anang'aa, tatizo liko miguuni

KAMA umekulia kwenye vibanda vya gemu, iwe Kilosa mjini au Mikumi pale malori ya Zambia yanapopita, Crash Bandicoot unamjua. Yule mnyama wa rangi ya chungwa anayejizungusha kama pia, anavunja maboksi na kuruka mashimo. Mpinzani wako wa PES akichelewa, diski ya Crash ndiyo inayoingia.

Miaka hii kampuni za gemu zimegundua kuna hela kwenye utoto wetu. Zinachukua gemu ya kukimbia na kuruka ya miaka ya 90, zinaifanyia rimasta: picha mpya, sauti mpya, na bei mpya pia. Crash wa kwanza alitoka 1996, akarudi Juni 30, 2017 kwenye PS4, gemu zake tatu zikiwa kwenye diski moja. Spyro akafuata 2018, Mario 2020.

Kuna walipopatia, tusiwanyime. Crash wa 1996 alikuwa na roho mbaya kwenye kuhifadhi mchezo. Ilibidi upite raundi ya bonasi ndipo uhifadhi ulipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika kabla ya hapo, jasho lako limekwenda na maji. Toleo jipya limemaliza hilo. Coco, dada yake, sasa unaweza kucheza naye gemu zote tatu. Hata hatua ya Stormy Ascent, iliyotupwa nje mwaka 1996 kwa sababu ya ugumu, imerudishwa.

Shida ni miguu. Waliolijenga upya, Vicarious Visions, walichukua mwendo wa gemu ya tatu wakauvalisha zote tatu. Lakini mashimo ya gemu ya kwanza yalipimwa kwa mruko mwingine kabisa! Matokeo yake Crash anashuka haraka kuliko zamani, na akitua pembeni mwa jiwe anateleza. Mtu aliyekuwa anapita daraja la The High Road akiwa anapiga stori, leo anakufa mara ishirini na kusingizia pedi imekufa. Pedi nzima. Activision wenyewe walikiri kwamba mruko umebadilika.

Mnaikumbuka Jabulani? Kombe la Dunia 2010, mpira mzuri kwa macho, lakini makipa walilia. Julio Cesar wa Brazil aliufananisha na mipira ya kununua supamaketi. Uwanja ni uleule, goli lileile, ila mpira unakwenda kwingine. Crash mpya ni hivyohivyo. Dogo anayeanza leo haoni tatizo. Anayeumia ni mkongwe, ambaye ndiye aliyelengwa kuuziwa.

Nintendo walikosea kwa upande wa pili. Gemu zao tatu za Mario hawakuzigusa sana, miguu ikabaki ileile, halafu wakaweka mwisho wa kuuza: Machi 31, 2021. Ukichelewa, imekula kwako.

Mbaya zaidi ni kuondoa ya zamani ili ya mpya inunuliwe. GTA siyo gemu ya kuruka mashimo, lakini San Andreas nani hajaicheza? Novemba 2021 Rockstar walileta rimasta yake iliyojaa kasoro, huku matoleo ya zamani wameshayatoa dukani. Watu wakawaka, kampuni ikaomba radhi na kuyarudisha kwa wanaocheza kwenye kompyuta. Pale Kilosa treni ya SGR inapita tangu 2024, na reli ya zamani haikung'olewa. Behewa la mizigo bado linapita. Kwa nini gemu ishindikane?

Kwa mwenye kibanda hesabu ni ngumu zaidi. Gemu ya PS1 ilikaa kwenye CD moja isiyozidi MB 700. Crash mpya kwenye kompyuta anadai nafasi ya GB 30. Kwa bando la simu, hiyo ni mauzo ya siku ngapi za watoto wanaolipa kwa sarafu?

Sisi wa mpira tumeshaonja hii. Mwaka 2021 Konami waliizika PES wakaleta eFootball, sura za wachezaji zikawa kichekesho dunia nzima. Huku mtaani mafundi wanaendelea kuchoma diski za PES ya PS2 zenye vikosi vipya. Hao hawagusi mwendo wa mpira, wanabadilisha majina na jezi tu, na mteja anakaa kwenye benchi akisubiri zamu.

Mwenye kibanda anayetaka Crash mpya atafute PS4 iliyotumika na anunue diski, asipakue. Diski ikishindwa kulipa, inauzwa kibanda cha jirani. Ile PS2 asiiuze.