Mji wa Chumvi Utembelewe kwa Miguu

Katika nchi za Ulaya iko desturi moja ambayo yafaa tuitazame. Siku ya mapumziko, baba, mama na watoto huenda katika mji wa kale, huacha gari nje, nao hushinda kutwa wakitembea kwa miguu. Hupita vichochoroni, hupanda ngomeni, na jioni hurudi kwao wakijua mji ule ulitoka wapi. Nathubutu kusema kwamba sisi wa Kasese na Bwera tunao mji unaostahili heshima hiyo hiyo, nao ni Katwe.

Chukueni mfano wa Salzburg, katika nchi ya Austria. Maana ya jina hilo ni ngome ya chumvi. Chumvi ilichimbwa katika mlima karibu na mji wa Hallein, ikasafirishwa kwa mashua katika mto Salzach, na fedha zake zikawatajirisha maaskofu wakuu waliotawala pale. Ngome iliyo juu ya kilima ilianza kujengwa mwaka 1077. Mozart, mtunzi wa muziki, alizaliwa mjini humo mwaka 1756, na mwaka 1996 mji wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huusifu kwa kuta zake, lakini chini ya utukufu huo wote mna chumvi, kitu kile kile ambacho sisi twakipita bila kugeuza shingo.

Sasa tutazame kwetu. Ziwa Katwe limekaa ndani ya shimo la volkano. Maji huingia wala hayana pa kutokea; jua huyakausha, chumvi ikabaki. Zamani, katika nchi hizi zilizo mbali na bahari, chumvi ilikuwa mali kubwa, na wafalme waliigombania. Omukama Kabalega wa Bunyoro aliishika Katwe. Stanley alifika mwaka 1889, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliichukua kutoka mikononi mwa watu wa Kabalega, akajenga boma akaliita Fort George. Nani basi atasema kwamba mji huu hauna historia?

Likizo iliyopita tulikwenda huko, baba, mama, wadogo zangu wawili nami. Kutoka Katunguru tulipanda teksi, kwa maana njia yapita katika mbuga yenye simba na tembo, wala si mahali pa kutembea. Tuliposhuka Katwe hatukupanda kitu tena. Tulianza ufukoni mwa Ziwa Edward, penye mitumbwi na harufu ya samaki ambayo sisi watu wa Katunguru twaijua tangu kuzaliwa. Kisha tukapanda ukingo wa lile shimo. Pale juu mdogo wangu wa mwisho alisimama, akauliza imekuwaje maji ya upande mmoja yanyweke na ya upande wa pili ni chumvi tupu. Swali hilo nasadiki asingeliuliza garini, kwa sababu mwenye gari hupita kabla hajalinganisha.

Chini tuliona vidimbwi vingi, vimegawanywa kwa kingo za udongo, miti na nyasi. Tulimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi, naye akatueleza kwamba kidimbwi kile alikirithi kwa wazazi wake. Alituonyesha jinsi anavyotambua kwamba mvua yaja kuharibu kazi ya majuma mengi. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imepasuka kwa maji yale makali. Mama yangu, ambaye sokoni hana mshindani katika kupatana bei, alinunua chumvi yake bila kupunguza hata shilingi moja.

Wako watakaosema kwamba Katwe hakuna cha kutazama ila vumbi, jua kali na kile kiwanda kilichokufa. Nawajibu kwamba hata hicho kiwanda ni somo. Kilijengwa kwa gharama kubwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, lakini maji ya chumvi yakayala mabomba yake, kikasimama. Wenye vidimbwi waliokuwapo kabla yake wangali wakifanya kazi hadi leo. Mwanafunzi wa kemia na atazame kutu ile, na mwanafunzi wa historia na amsikilize mzee.

Tena liko jambo moja ambalo Salzburg na jirani yake Hallein hawanalo. Uchimbaji wa chumvi kule Hallein ulikoma mwaka 1989; sasa watu huenda kutazama mashimo ya kazi iliyokwisha. Sisi kazi yetu ingali hai, na wanaoijua wangali wakisema nasi. Lakini maarifa yao hayakuandikwa ukutani. Mzee akifa kabla hajaulizwa, hakuna ngome itakayotusimulia. Ni aibu watalii wavuke bahari kuja kumwuliza, na sisi majirani tusimwulize.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha pili wapelekwe Katwe kwa siku moja, watembee kwa miguu, na wakusanya chumvi wenyewe wawe waalimu wao, tena walipwe kwa muda wao kama waalimu wanavyolipwa. Kila mwanafunzi arudi na habari moja aliyoisikia kwa mzee, na zilizo bora zichapwe katika gazeti letu hili. Nanyi wazazi msingoje shule. Siku moja ya likizo yatosha.

Siwakatazi wenzangu kuitamani Ulaya. Mwenye kujaliwa na aende, akaone. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Atakayeulizwa ugenini juu ya mji wa kale wa kwao, na awe na la kujibu.