Mbali na Nani?

Orodha za "mambo ya kufanya" pwani ya mashariki ya Unguja zinafanana kama mapacha. Kwanza Paje, ukacheze kaiti: ubao miguuni, tiara kubwa angani, maji ya magotini. Pili Makunduchi, ukaone "utamaduni halisi". Tatu machweo, ingawa upande ule jua huzama nyuma ya minazi, si baharini. Na juu kabisa, kwa herufi nene: kisiwa cha mbali, ambacho hakijaguswa.

Mimi ni mtu wa Chalinze. Kwetu barabara inagawanyika, huku Morogoro, huku Segera, na wasafiri wanatujua kupitia dirisha la basi: nanasi, chungwa, chenji haraka, gari linaondoka. Hakuna aliyewahi kutuandikia orodha, wala Wakwere hawajalalamika. Lakini kutazamwa na mpita njia tunakujua vizuri, ndiyo maana hilo neno "mbali" linanikera. Mbali na nani? Kaskazi imeleta majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi karne kwa karne, na kusi ikayarudisha. Pepo hizo hizo ndizo zinazojaza tiara za Paje leo.

Na kuguswa? Subiri bamvua, maji yakipwa, utaona vigingi na kamba. Hilo ni shamba. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wanafunga vipande kwenye kamba, wanasubiri kama wiki sita, wanavuna, wanaanika, kisha wanauza kwa mnunuzi ambaye ndiye anayetaja bei. Mwani huo huishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Huenda mwenye tiara amepigia mswaki asubuhi hiyo hiyo. Bahari imepata joto, kotonii yenye bei nzuri inakufa, na waliobaki nao ni spinosamu, wa bei ya chini. Juu ya hayo yote, orodha inaliita shamba lao uwanja wa michezo. Ubao ukikata kamba, mchezaji anahesabu ameteleza vibaya. Mama anahesabu wiki sita.

Nitaambiwa kaiti inaleta ajira. Inaleta, na wapo vijana wa pale pale waliogeuka walimu wa mchezo huo. Sitaki mtu afukuzwe. Ninachokataa ni mgeni kujua upepo wa saa tisa alasiri kwa simu yake, asijue kamba ziko wapi wala bamvua ni lini, na orodha yake isimwambie aulize.

Twende Makunduchi. Mwaka Kogwa, kila Julai, ni mwaka mpya wa Kishirazi. Wanaume wanapigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishie hapo, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba. Orodha inaupanga pamoja na safari ya kuona pomboo. Kumbe mila ile ina jambo moja linalomhusu msafiri moja kwa moja: nyumba isiyo na mgeni siku hizo haina raha. Wanataka mgeni, si mtazamaji. Mgeni hupiga hodi, huketi, hula kilichopo, huulizwa kwao ni wapi na mama yake hajambo.

Na mgeni, tulivyolelewa, siku ya tatu hupewa jembe. Watu wa kaiti hukaa wiki mbili. Sisemi mwani nao uingizwe kwenye orodha, wapigwe picha wakiinama. Nasema siku ya tatu, asubuhi ya bamvua, acha tiara ikiwa imekunjwa, waamkie akina mama, na wakikubali, wabebee gunia la mwani mbichi kutoka majini hadi nchi kavu. Limejaa maji, linachuruzika mgongoni, na hakuna upepo wa kukusukuma.