Kipofu mchuuzi ahitaji wanunuzi, si sadaka

HUJAFA hujaumbika, walisema wahenga. Msomaji, leo unasoma gazeti hili kwa macho yako mwenyewe, lakini ya kesho hakuna ayajuaye. Presha ya macho, kwa mfano, huweza kumnyang'anya mtu uwezo wa kuona polepole bila maumivu yoyote, na uwezo huo ukishapotea hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha. Ugonjwa wa kisukari nao umewapofusha watu wengi wangali na nguvu za kufanya kazi.

Sasa jiulize. Ukitoka hospitalini baada ya kuelezwa kuwa hutaona tena, watoto watakula nini? Daktari amemaliza kazi yake, lakini mwenye nyumba atakuja kudai kodi mwisho wa mwezi, na shule itataka karo.

Katika sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya Wakenya 330,000 walihesabiwa kuwa na matatizo ya kuona. Baadhi yao wamekataa kukaa nyumbani wakingoja kulishwa. Wanauza njugu, peremende na kalamu kando ya barabara. Wengine wana vibanda mitaani, wanafuga kuku au kufuma sweta. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie leo.

Huenda hata wewe umewahi kufanya hivi. Unampita mama kipofu aliyeketi na njugu zake. Unamtia shilingi 20 mkononi, kisha unakwenda zako bila kuchukua njugu. Moyoni unajiona umetenda wema. Ukweli ni kwamba umemwambia kwamba bidhaa yake haina maana. Mama huyo aliamka alfajiri, akakaanga njugu na kuzifunga moja moja katika karatasi ili aitwe mfanyabiashara. Wewe umemfanya ombaomba.

Chukua njugu zako. Zikiwa tamu, rudi kesho. Zikiwa zimeungua, mwambie kama ambavyo ungemwambia mchuuzi mwingine yeyote, ili arekebishe. Sadaka huisha siku hiyo hiyo, lakini mteja anayerudi kila siku ni mtaji.

Kuna na wale wasio na haya, wanaotoa noti ya shilingi 50 na kusema ni ya 100. Ni kweli kwamba noti mpya zilizotolewa mwaka wa 2019 zina alama za kupapasa kwa vidole. Hata hivyo, noti ikichakaa alama hufifia, na wateja wakimsonga mchuuzi hapati nafasi ya kupapasa kila moja. M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, imewapunguzia wengi shida hiyo. Lakini mwenye simu isiyosoma ujumbe kwa sauti hulazimika kumwomba mtu mwingine amsomee, na wakati mwingine kumtajia nambari yake ya siri. Basi usiseme "nimetuma" ukaondoka. Subiri mpaka ahakikishe.

Aidha, serikali za kaunti zina wajibu. Askari wanapowafukuza wachuuzi, anayeona hukusanya vitu vyake na kutoroka. Kipofu atakimbilia wapi? Bidhaa zake hukanyagwa, na siku ya pili hana cha kuuza. Kumtengea mahali pa kudumu sokoni au karibu na kituo cha matatu si kumpendelea. Njia ya kufika hapo ataizoea, na wateja wake watajua pa kumpata.

Sheria nazo hazikosekani. Tangu mwaka wa 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka huo huo, hukopesha vikundi. Lakini msaada ulioandikwa kwenye karatasi humfaidi vipi mtu asiyeweza kuisoma? Lazima awepo mtu wa kumweleza.

Nadhani kazi hiyo ingeanzia katika kliniki za macho. Mgonjwa anapoambiwa kuwa hataona tena, asiachwe arudi nyumbani kulia. Muuguzi amweleze jinsi ya kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na amjulishe kwamba kuna chuo cha ufundi cha wasioona kule Machakos. Mtu aliyekuwa akijitegemea akifungiwa chumbani mwaka mzima, huzuni itamwongezea ugonjwa mwingine juu ya upofu. Kwa hivyo kumrudisha kazini ni sehemu ya matibabu yake.

Wapo watakaosema kipofu hawezi biashara. Waende wakamtazame anavyowatambua wateja wake kwa sauti, na anavyojua kwa kupapasa tu kila kitu kilipo katika kibanda chake.

Kwa hivyo msomaji, kesho ukishuka kwenye matatu, simama hapo kwa mama wa njugu. Msalimie ili ajue ni nani amekuja. Taja noti unayompa. Pokea njugu zako, na usikimbie kabla ya kupewa chenji. Akikuhesabia sawasawa, mwambie utarudi, kisha urudi.