MSIIFUTE KOMPYUTA KWA KOSA LA DAFTARI LA MAJINA

Kuna jambo ambalo limenikereketa moyoni tangu likizo ya Aprili, na nikinyamaza nitakuwa nimejidhulumu. Jambo lenyewe ni hii tabia yetu ya kusema "mtandao umekufa" kila ukurasa unapokataa kufunguka, kisha kumwita fundi aje afute kila kitu. Tabia hii ni mbaya, na ilibaki kidogo tu itutie hasara kule nyumbani.

Kompyuta yetu ni kuukuu. Haitumii Windows bali Linux, ule mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka wa 1991. Ndani yake mama ameweka hesabu za chama chao cha akina mama, miaka minne mizima: nani amelipa, nani amekopa, nani anapiga chenga. Nakala nyingine hakuna. Basi Jumamosi moja, siku chache baada ya kubadilishiwa kile kisanduku cha wi-fi, kurasa zikagoma. Kila anwani mama aliyoandika, jibu lilikuwa lile lile: seva haikupatikana. Akaitwa fundi wa mtaani. Naye, hata kiti hakijapata joto, akatoa hukumu: "Mama, hii Linux ndiyo mbaya. Tuifute, niwawekee ingine. Elfu moja na mia tano tu." Akaongeza na maneno mawili matatu ya Kiingereza cha kompyuta, mama akanyamaza, akaanza kutafuta pochi.

Nikaruka. "Mama, hebu ngoja kwanza! Na hesabu za chama je?"

Nilikuwa nimeona jambo moja. Simu ya mama ilikuwa kwenye wi-fi ile ile, na kurasa zilifunguka bila matata. Alaa! Kama barabara imekatika, mbona matatu zingine zinapita? Nikafungua dirisha la amri, nikaandika ping 8.8.8.8, yaani kubisha hodi kwa seva ya Google kwa nambari badala ya jina. Majibu yakaja mbio mbio. Nikaandika ping google.com. Kimya. Kimya kirefu, kisha ikaniambia imeshindwa kulipata jina hilo. Hapo nikajua barabara ni nzima, ila hatuijui nyumba ya mwenyewe.

Hapa naomba tuelewane polepole. Kompyuta hazifikiani kwa majina, zinafikiana kwa nambari. Majina ni yetu sisi wanadamu wasahaulifu. Hapo zamani orodha ya majina yote ya mtandao ilikuwa faili moja tu, iliyotunzwa katika taasisi ya SRI kule California, na kila aliyeitaka aliinakili. Mtandao ukanenepa, faili ikaelemewa, ndipo mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, utaratibu wa kuigawa kazi hiyo. Leo ukiuliza jina linaloishia kwa .ke, seva za mizizi haziijui nyumba yenyewe. Zinakutuma kwa seva za.ke, nazo zinakutuma mbele. Ni kama kumtafuta mtu kijijini: chifu anakuelekeza kwa naibu wake, naibu kwa mzee wa kijiji, na mzee ndiye anayekuonyesha boma. Kompyuta ya nyumbani haiendi safari hiyo yote. Humwuliza karani mmoja, na nambari ya karani huyo huandikwa katika faili iitwayo /etc/resolv.conf.

Nikaisoma kwa cat /etc/resolv.conf. Mlikuwa na mstari mmoja tu: nameserver 192.168.1.1. Nikaandika ip route, kuuliza lango letu la kutokea ni lipi. Jibu: 192.168.100.1. Kumbe! Ile nambari ya kwanza ilikuwa ya kisanduku cha zamani. Kompyuta yetu ilikuwa inampigia kelele mtu aliyehama. Kwa kawaida Linux husubiri sekunde 5, isipojibiwa hujaribu tena, kisha hukata tamaa. Ndicho kile kimya nilichokisikia. Ili nipate hakika nikaandika dig @192.168.100.1 google.com, yaani nimwulize huyu mpya moja kwa moja. Akajibu papo hapo.

Sasa utauliza, nani aliyeandika mstari ule? Ni mimi. Mwaka uliotangulia kompyuta ilinisumbua, rafiki akanipa dawa ya haraka, nikaiondoa faili ya asili na kuandika yangu kwa mkono. Katika Ubuntu kama yetu, pale huwa pana kiungo tu, kinachoelekeza kwa karani wa ndani, systemd-resolved, ambaye hupewa nambari mpya kila unapojiunga na mtandao. Nilimfukuza karani nikaweka kibao. Linux ililaumiwa bure. Siku hiyo sikumwambia mama. Akisoma hapa, naomba anisamehe.

Nikakirudisha kiungo kwa sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf, nikazima mashine na kuiwasha. Kurasa zikafunguka. Fundi alipewa chai na mkate.

Wenzangu darasani wameniambia nilijisumbua, eti ningeandika 8.8.8.8 humo na mambo yaishe. Kweli, kurasa zingefunguka. Lakini hiyo ni panadol. Karani wa Google, aliyeanza kazi mwaka wa 2009, hazijui kompyuta za ndani ya nyumba yako wala za maabara yetu. Tena unayemwuliza majina ndiye anayejua kila mlango unaoubisha. Si vibaya kumchagua, ila umchague ukijua. Sikatai kwamba kuna siku karani wa kampuni ya mtandao ndiye aliyelala. Siku hiyo dig @8.8.8.8 itajibu na wa kwako hatajibu, nawe utakuwa na haki ya kumbadilisha. Umepima kwanza.

Najua kuna mtu anayeguna: makala ya kompyuta yatafuta nini katika jarida la Kiswahili? Ndugu yangu, mama hakushindwa na mashine siku ile. Alishindwa na maneno. Kama fundi angesema "kompyuta imepoteza nambari ya karani wa majina," mama, ambaye ni mweka hazina, angeuliza maswali kumi kabla ya kuigusa pochi.

Ndiyo maana nimeandika zile amri kwenye karatasi, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili. Nimeikabidhi kwa katibu wa chama chetu. Ninachowaomba walimu wa maabara ni nafasi ukutani, karibu na swichi, na gundi.