WALIMU, WAFUNDISHENI WATOTO KURA

Wako wasemao kwamba kura ni mambo ya watu wazima, na kwamba mtoto wa shule aachiwe vitabu vyake. Sisi twasema sivyo. Kijana akitimiza miaka 18 hupewa haki. Lakini haki asiyoijua ni kama shamba asilojua mipaka yake: jirani atalimega naye asiseme neno. Walimu wa Kingolwira, na wa Morogoro nzima, wafundisheni watoto mambo mawili: ni nani mwenye haki ya kupiga kura, na ni wangapi wanaokwenda kuipiga.

La kwanza lina historia chungu hapa kwetu. Mwaka 1958 Jimbo la Mashariki, ambamo Morogoro ilikuwamo, lilikuwa moja ya majimbo matano yaliyotangulia kupiga kura Tanganyika. Mwingereza alitaka mpiga kura awe na miaka 21, tena awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa na sheria. Mkulima wa Uluguru aliyelipa kodi kila mwaka, lakini hakuwa na hata kimoja cha hivyo, alibaki nje. Aliyeingia naye alilazimishwa kupiga kura tatu: ya Mwafrika, ya Mzungu na ya Mwasia. Ilipofika 1962, katika uchaguzi wa Rais, masharti ya elimu na mapato yalikuwa yamekwisha kuondoka. Mtoto ajue kwamba hakuna aliyetuzawadia haki hii; ilidaiwa.

Wala mjadala haujaisha. Kingolwira ina gereza, na watoto wetu wanalijua. Je, mfungwa ni mpiga kura? Katiba humpa haki kila raia wa miaka 18, ila yaruhusu sheria kumzuia, kwa mfano, mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani. Sheria ya zamani ilimzuia kila aliyefungwa zaidi ya miezi sita, kwa kosa lo lote. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hata hivyo, katika uandikishaji uliofuata, kabla ya uchaguzi wa 2025, Tume ya Uchaguzi ilisema watakaoandikishwa magerezani ni mahabusu na wafungwa wa chini ya miezi sita. Mwalimu apate somo gani bora kuliko hilo? Watoto na wabishane, wakiwa na Katiba mkononi.

Jambo la pili ni hesabu. Mwaka 2010 walioandikishwa walikuwa kama milioni 20, na waliopiga kura milioni 8.6 tu: watu 43 katika kila mia. Mwaka 2015, kwa daftari jipya, walioandikishwa walikuwa milioni 23.2, na waliopiga milioni 15.6: watu 67 katika kila mia. Mwanafunzi aifanye hesabu hiyo mwenyewe, kisha aulize: mia hiyo ni ya nani? Ni ya walioandikishwa, si ya watu wazima wote. Asiyejiandikisha hahesabiwi hata kuwa mtoro. Na daftari likijaa majina ya marehemu, waliojitokeza wataonekana wachache kuliko walivyo. Anayejua hayo hadanganywi na tarakimu.

Wengine wataogopa kwamba hivyo ni kuleta siasa shuleni. Kumwambia mtoto ampigie fulani, hiyo ni siasa, nasi twaikataa. Kumwonyesha daftari, sheria na hesabu ni elimu, kama vile kumfundisha kupima shamba.

Shime, walimu! Wazazi nanyi, mtoto akirudi nyumbani na kuwauliza kama mmejiandikisha, msimkemee. Mjibuni, na kama bado, daftari likifunguliwa nendeni.